Nyuki na ugonjwa wa chaki: mwongozo kamili wa kupambana na kuvu bila kuwadhuru nyuki wenyewe

Mwishoni mwa masika, asubuhi ambayo nyasi zilikuwa bado zimelowa, niliinama mbele ya mzinga wangu wa tatu nikaokota kitu cheupe mlangoni. Kilikuwa kigumu, ukubwa wake ukikaribia punje ya mahindi. Nilikibonyeza kati ya vidole, kikavunjika na kuacha unga kama wa chaki ya ubaoni. Pembeni vilikuwepo vingine sita, viwili kati yake vikiwa vya kijivu kinachoelekea weusi. Nilipofungua mzinga, nikainua sega la majana (watoto wa nyuki) na kulitikisa karibu na sikio, nilisikia mlio mkavu kama wa mbegu ndani ya kibuyu. Hayo yalikuwa majana yaliyokufa na kukauka ndani ya vyumba vyao.

Nilishauriwa nitumie mafuta ya karafuu. Niliyaweka kwenye pamba juu ya viunzi, kiasi cha kijiko cha chakula. Siku ya tatu mzinga ulikuwa mtupu: nyuki wote walikuwa wamehama, wakaacha asali na majana yaliyo hai. Mizinga miwili ya jirani yake, iliyokuwa na ugonjwa uleule na ambayo sikuigusa, ilipona mvua zilipokatika.

Karafuu inazuia kuvu kweli. Tatizo ni kwamba nyuki hawakuweza kuishi nayo. Ndiyo maana katika mwongozo huu dawa inakuja baada ya hatua nyingine kadhaa, na hata inapofika tunaipima kwanza kwa nyuki, kisha kwa kuvu.

Hatua ya 1: Hakikisha unapambana na kuvu gani

Ugonjwa wa chaki huletwa na kuvu iitwayo Ascosphaera apis. Jana hula spora, yaani mbegu ndogo mno za kuvu, pamoja na chakula anachopewa na nyuki walezi. Spora huchipua tumboni, nyuzi za kuvu hujaa mwilini na kutokeza nje, hasa upande wa nyuma, na jana hufa mara nyingi baada ya chumba chake kuzibwa kwa nta. Mwanzoni maiti huvimba na kufunikwa na kitu kama pamba, kisha hukauka. Kuvu hii ina jinsia mbili. Ikiingia moja tu, chaki hubaki nyeupe. Zikikutana mbili ndani ya jana mmoja, huzaa vifuko vya spora na chaki hugeuka nyeusi. Zile nyeusi ndizo za kuogopa, kwa kuwa spora zake zinaweza kukaa miaka 15 zikiwa bado hai.

Usichanganye chaki na chavua iliyoota ukungu. Ivunje: chavua hupasuka kwa matabaka yenye rangi tofauti, chaki ni ya aina moja hadi ndani. Ukichokoa jana aliyekufa kwa kijiti na ute ukavutika kama uzi, wenye harufu mbaya, hiyo si kuvu. Ni uozo wa majana unaoletwa na bakteria, na njia yake ni nyingine kabisa. Simamisha kazi, usihamishe sega lolote, mwite ofisa nyuki.

Iko pia kuvu ya aina ya Aspergillus, hasa Aspergillus flavus, inayogeuza majana kuwa magumu kama mawe, yakiwa na vumbi la kijani au njano. Ni adimu, lakini vumbi lake linaweza kuingia kwenye mapafu ya binadamu na kuleta maradhi mazito. Ukiliona vaa barakoa, usilipulize, usilinuse. Masega yaliyoathirika sana yachomwe.

Ugonjwa wa tatu katika ukoo huu ni Nosema, unaoshambulia utumbo wa nyuki wazima. Wanasayansi siku hizi wanamweka mdudu wake karibu na kuvu. Uchunguzi uliofanywa Kenya na kuchapishwa mwaka 2014 ulimkuta zaidi ukanda wa pwani. Huwezi kumthibitisha kwa macho, maana madoa ya kinyesi mlangoni yana sababu nyingi. Kinachothibitisha ni hadubini.

Hatua ya 2: Hesabu kabla hujagusa kitu

Tandika turubai dogo jeupe au gunia lililofuliwa chini ya mlango wa mzinga. Kila asubuhi, kabla ya jua kupanda na kabla ya kuku na sisimizi kufika, hesabu chaki zilizotupwa. Andika tarehe, namba ya mzinga, idadi, na kama usiku ulikuwa na mvua. Fanya hivyo siku saba mfululizo.

Hatua hii wengi huiruka, na kuiruka ndiko kunakozaa dawa za uongo. Ugonjwa wa chaki hupanda wakati wa baridi na unyevu, kisha hushuka wenyewe kukikauka. Mtu akiweka kitunguu saumu mwezi wa tano, mwezi wa saba chaki zimekwisha, sifa zote zinakwenda kwa kitunguu. Bila hesabu, na bila mzinga wa kulinganishia ambao haukupewa kitu, huwezi kujua nani kaponya: dawa au jua.

Ongezeko la ghafla kwenye turubai si lazima liwe habari mbaya. Huenda nyuki wameanza kusafisha. Kwa hiyo hesabu ya mlangoni iende sambamba na kukagua sega moja la majana, ukitafuta vyumba vilivyobaki na chaki ndani.

Hatua ya 3: Kausha mzinga na uwape majana joto

Majana hulelewa kwenye joto la nyuzi 34 hadi 35. Yakipoa kidogo, hata kufika nyuzi 30 kwa muda mfupi, spora zilizokuwa zimelala tumboni hupata nafasi ya kuchipua. Huu ndio mlango mkuu wa ugonjwa, na kuuziba hakuhitaji dawa.

Inua mzinga ukae angalau usawa wa goti kutoka ardhini, au uutundike kwa waya. Uinamishe mbele kidogo, upana wa vidole viwili, ili maji ya mvua na ya mvuke yatoke mlangoni. Fyeka vichaka vinavyozuia upepo na jua la asubuhi. Kama paa ni bati tupu, weka nyasi kavu au ubao chini yake: bati hupoa usiku, mvuke unagandia kwa ndani na matone yanadondokea masega. Niligundua hilo kwa kupapasa upande wa ndani wa bati saa kumi na mbili asubuhi. Mkono ulitoka umelowa.

Kisha punguza nafasi. Kundi dogo ndani ya mzinga mkubwa haliwezi kupasha joto majana yake. Kwenye mzinga wa viunzi vya juu sogeza ubao wa kugawia ukaribie masega yenye nyuki. Kwenye mzinga wa maboksi ondoa boksi la juu lisilokaliwa. Makundi mawili dhaifu lakini yasiyo na ugonjwa mwingine yaunganishwe. Usifungue mzinga siku ya mvua au ya upepo wa baridi, na ukifungua, sega la majana lisikae nje kwa maongezi.

Kwenye mizinga mingi nimeona hatua hii peke yake ikitosha.

Hatua ya 4: Acha gundi ya nyuki ifanye kazi yake

Kama kuna dawa ya kuvu ambayo nyuki wamethibitisha wenyewe, ni gundi, ile wanayoitengeneza kwa utomvu wa miti. Watafiti wa Marekani, Michael Simone-Finstrom na Marla Spivak, walichapisha mwaka 2012 matokeo yanayostahili kujulikana na kila mfugaji: makundi yaliyowekewa kuvu ya chaki yaliongeza idadi ya nyuki wanaokwenda kutafuta utomvu, na makundi yaliyokuwa na utomvu mwingi mzingani yalipata maambukizi machache. Nyuki hawali gundi hiyo. Wanaipaka kutani, nayo inapunguza vijidudu katika nyumba nzima.

Sasa tazama tunavyofanya. Tunaranda mbao za mzinga hadi ziwe laini kama meza ya sebuleni, kisha kila tukikagua tunakwangua gundi kwa sababu inanata. Mizinga ya magogo na ya magome, ambayo kwa miaka mingi tumeambiwa ni ya kizamani, ina kuta zenye mikwaruzo na mianya, na ndani yake gundi hupakwa kila mahali. Kwa jambo hili wazee walikuwa na nyumba bora.

Fanya hivi: kabla ya kukaliwa, kwaruza kuta za ndani za mzinga kwa brashi ya waya au msumeno, mistari ya karibu karibu, kina cha milimita moja au mbili. Nyuki huziba mikwaruzo hiyo kwa gundi. Unapokagua, kwangua pale tu viunzi vilipogandana. Na uache miti yenye utomvu karibu na manzuki, yaani mahali mizinga ilipo. Usinunue gundi iliyoyeyushwa kwenye pombe ukainyunyizia majana. Pombe yenyewe inaweza kuyaua, na gundi ya kila eneo ina kemikali zake.

Hatua ya 5: Zalisha kutoka makundi yanayosafisha

Baadhi ya nyuki hunusa jana mgonjwa kupitia kifuniko cha nta, hufungua chumba na kumtoa kabla kuvu haijazaa spora. Tabia hii hurithiwa. Kuipima, chagua sega lenye pupa (majana wanaogeuka kuwa nyuki) ambao macho yao yameanza kugeuka waridi. Kwenye eneo moja choma vyumba 100 kwa pini nyembamba, kila kimoja mara moja katikati ya kifuniko. Weka alama kwenye kiunzi, rudisha sega, kagua baada ya saa 24. Hesabu vyumba vilivyosafishwa kabisa.

Mimi nazalisha kutoka makundi yaliyosafisha 90 au zaidi. Kundi lililosafisha 50 halipati kugawanywa, hata kama lina asali nyingi. Nyuki wetu wa Afrika kwa kawaida ni wasafi sana, na hiyo ni sababu mojawapo ya makundi mengi kupona bila msaada. Kazi hii fanya jioni, ukiwa umevaa vizuri. Hawaipendi.

Hatua ya 6: Vitu vinavyotajwa kuwa dawa, kimoja kimoja

Thaimoli, inayotoka kwenye mimea ya jamii ya zaatari, huzuia kuvu ya chaki maabara, na Ulaya imeidhinishwa mizingani dhidi ya utitiri wa Varroa. Kati ya vitu vyote vya mimea hiki ndicho kinachojulikana zaidi. Lakini hutoa mvuke kwa kufuata joto. Panapozidi nyuzi 30 mvuke unakuwa mkali, nyuki wanatoka nje, na nyuki wa kwetu wana wepesi wa kuhama kuliko wale wa Ulaya. Pia huacha ladha kwenye asali.

Mafuta ya mchaichai, mdalasini na karafuu nayo yanazuia kuvu kwenye sahani ya maabara. Usichukulie sahani kuwa mzinga. Kwenye sahani hakuna malkia, hakuna majana, hakuna harufu ambayo kundi zima linaitumia kuongea. Kipimo kinachoua kuvu na kile kinachofukuza nyuki kinaweza kuwa karibu mno, nami nimekwisha kulipia somo hilo kwa kundi zima.

Vidonge vya binadamu vya kutibu kuvu visiingie mzingani kamwe. Mabaki yake yataingia kwenye asali, na kuna sababu nzito zaidi: duniani tayari ipo kuvu ya Aspergillus fumigatus iliyozoea dawa za kuvu za jamii ya azoli, na wagonjwa hospitalini hukosa tiba kwa sababu hiyo. Tetrasaiklini, ambayo ni antibayotiki, nayo haiui kuvu hata kidogo. Inaua bakteria wema wa tumboni mwa nyuki, ambao ni sehemu ya kinga yao.

Kuhusu Nosema, dawa ya zamani ni fumajilini, inayotokana na kuvu pia. Umoja wa Ulaya hauna dawa ya nyuki iliyoidhinishwa yenye kiini hicho. Kwa mfugaji wa kawaida, kubadilisha masega makuukuu na kuwapa nyuki maji safi ni njia bora.

Linalonipa matumaini ni bakteria. Mwaka 2021 watafiti wa Marekani walichapisha kwamba Bombella apis, bakteria anayeishi pamoja na majana na kwenye chakula chao, hutoa kitu kinachozuia Aspergillus flavus, na majana waliopewa bakteria huyo walistahimili zaidi. Bado si dawa ya kununua dukani. Lakini inatuonyesha kwamba ndani ya mzinga mzima tayari kuna duka la dawa, na kila tunachomwaga humo kinaweza kulifunga.

Hatua ya 7: Kama ni lazima ujaribu kitu, kijaribu hivi

Usikubali neno "salama kwa nyuki" kwenye lebo bila kuuliza: nyuki yupi? Mara nyingi ni nyuki mzima aliyepewa kipimo kimoja. Kwa kipimo cha Marekani, kemikali ambayo inahitaji maikrogramu 11 au zaidi kwa kila nyuki ili kuua nusu yao huitwa isiyo na sumu kwao. Dawa nyingi za ukungu hupita mtihani huo. Hata hivyo captan, ziram na iprodione, ambazo hazimwangushi nyuki mzima, zilidhuru majana katika majaribio ya maabara yaliyochapishwa mwaka 2004. Miongozo ya OECD, shirika la kimataifa la ushirikiano wa kiuchumi, ina jaribio la nyuki wazima la siku 10 mfululizo, na lingine la majana hadi siku ya 22 wanapotoka nyuki kamili. Muulize muuzaji matokeo ya majaribio hayo mawili.

Kwa jaribio la awali nyumbani, chukua nyuki wachanga waliotoka sega moja, gawa vikasha sita vyenye matundu ya hewa, nyuki 30 kila kimoja. Vitatu vipe maji ya sukari yenye kitu unachokipima, vitatu maji ya sukari pamoja na kiyeyushi tu, kwa mfano ile pombe uliyotumia kuyeyushia mafuta, kiasi kilekile. Viweke gizani mahali penye joto la nyuzi 33 hivi. Hesabu waliokufa kila siku kwa siku 10. Kama wasiopewa kitu wamekufa zaidi ya asilimia 15, jaribio limeharibika, rudia. Kama waliopewa wamekufa zaidi ya wenzao, kitu hicho kimeishia hapo.

Kikipita, kiingie kwenye mizinga mitatu yenye ugonjwa, na mingine mitatu yenye ugonjwa wa kiwango kilekile ibaki bila kitu, yote katika manzuki moja, wiki zilezile. Asali ya mizinga hiyo isiuzwe. Linganisha hesabu za turubai. Ukiona tofauti ndogo, usiifanye kubwa mdomoni.

Hatua ya 8: Safisha vifaa

Sega ambalo zaidi ya robo ya majana yake yana chaki litoe. Likate, lichome au lizikwe, usiliyeyushe kwa ajili ya nta ya kuotesha masega mapya, maana spora husafiri kwenye nta. Mbao za mzinga zikwanguliwe kisha zipitishwe moto wa gesi au wa makuti hadi zibadilike rangi kuwa kahawia ya kahawa ya maziwa, hasa pembeni. Vifaa vya plastiki loweka dakika 20 kwenye dawa ya klorini ya kufulia ya asilimia 3.5, sehemu moja kwa maji sehemu sita, uvisuuze na kuvianika juani. Usichanganye klorini na asidi yoyote. Kisu na glovu vioshwe kabla ya kwenda mzinga mwingine, na mizinga migonjwa ikaguliwe mwisho.

Usilishe nyuki chavua ya kununua usiyoijua ilikotoka.

Hatua ya 9: Zungumza na jirani mwenye nyanya

Huku milimani ugonjwa mwingine wa nyuki unaanzia shambani. Nyanya na viazi hupigwa dawa ya ukungu karibu kila wiki wakati wa mvua. Nyuki huleta chavua yenye dawa hiyo, na dawa haichagui: inaua hata kuvu na hamira zinazosaidia kuhifadhi chavua mzingani. Mbaya zaidi, baadhi ya dawa za jamii ya azoli huzuia vimeng'enya ambavyo nyuki hutumia kuvunja sumu. Zikichanganywa bomba moja na dawa ya wadudu ya jamii ya pairethroidi, sumu ya pili huwa kali mara nyingi zaidi.

Mwendee jirani kwa heshima, ukiwa na chupa ya asali mkononi. Mwombe mambo matatu: asichanganye dawa ya ukungu na ya wadudu, apige jioni nyuki wakishalala, na asipige magugu yaliyochanua kando ya shamba. Mweleze pia faida yake: matango na maboga yake hayazai bila wadudu wa kuchavusha. Dawa zenye bakteria Bacillus subtilis au kuvu rafiki Trichoderma ni chaguo la kumshauri pale zilipo madukani. Kwa Tanzania aulize kama zimesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Kwa Kenya msajili ni Bodi ya Kudhibiti Viuatilifu.

Hatua ya 10: Tuma sampuli

Ikiwa hatua ya tatu hadi ya tano zimepita wiki sita na hesabu haishuki, chukua chaki 20, nyeupe na nyeusi, pamoja na kipande cha sega chenye majana ukubwa wa kiganja. Vifunge kwenye bahasha ya karatasi au gazeti kavu. Usitumie mfuko wa nailoni, kwa sababu unyevu utaotesha ukungu mwingine na maabara itasoma huo. Andika tarehe, kijiji, aina ya mzinga na kila ulichowahi kuweka ndani, hata kama unaona aibu kukitaja. Mpe ofisa nyuki wa wilaya, aifikishe maabara. Kwa ukanda huu ipo maabara ya afya ya nyuki katika icipe, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu jijini Nairobi, na Arusha kipo kituo cha utafiti cha Njiro. Bahasha ya pili, yenye chaki zilezile, baki nayo nyumbani mahali pakavu hadi majibu yarudi.